Duara la Mlima Tunalo, Tunangoja Nini?

Mtu akiniambia tena kwamba kuzunguka mashambani kwa baiskeli ni starehe ya Wafaransa, nitasonya mpaka abiria wote wa stejini wageuke. Nimechoka kulisikia neno hilo. Kijana ameketi hapa Loitokitok, mgongo ameupa Kilimanjaro, macho yote kwenye simu: watu wa Ufaransa wanapanda kilima, wanashuka kilima, msitu huku, msitu kule, kijiji cha nyumba za mawe, ng'ombe, msitu tena. Halafu anashusha pumzi: "Wenzetu walibarikiwa." Walibarikiwa na nini, mdogo wangu? Geuza shingo kwanza!

Kule ni kuzuri, sikatai, na mtu asije akasema nina wivu. Burgundy, Limousin, Auvergne, zote ni nchi za vilima visivyoisha na misitu ya mialoni, na katikati ya misitu hiyo kuna barabara nyembamba za lami. Ufaransa ina karibu kilomita 380,000 za barabara za majimbo yake madogo, kando kabisa na zile kuu za magari ya haraka. Nyingi ni za kona na za kupanda na kushuka, dereva mwenye haraka hazitaki. Mwendesha baiskeli anazitaka. Anatoka asubuhi na chupa zake mbili, anazijaza kwenye bomba la kijiji, anakula mkate chini ya mti karibu na kanisa, anarudi jioni miguu inamuuma na roho imetulia.

Huko Auvergne kuna safu ya volkano zilizolala, wanaiita Chaîne des Puys. Mlima unaojulikana zaidi ni Puy de Dôme, mita 1,465. Mwaka 2023 Tour de France iliupanda tena baada ya miaka 35. Siku hiyo walianzia Saint-Léonard-de-Noblat, mji alioishi mwendesha baiskeli wao wa zamani Raymond Poulidor, wakapita vilima na misitu mpaka kileleni, na dunia nzima ikakaa mbele ya televisheni. Sasa nyinyi mnaoamka kila siku mkiitazama Chyulu, nielezeni tofauti iko wapi. Chyulu nayo ni volkano. Vilima vimepangana kimoja baada ya kingine, mvua ikinyesha vinakuwa kijani kibichi mpaka juu, na kilele chake kinapita mita 2,100. Wale wa mita 1,465 wameupa mlima wao jina kote duniani. Sisi tunapita kando ya Chyulu tumelala kwenye matatu, vichwa vimegonga kioo. Na hapo mzee mwenyewe wa mita 5,895 bado sijamtaja.

Haya, tuje nyumbani. Toka Emali, yaache malori ya Mombasa Road na kelele zake, shika lami ya kuja kusini. Ni kama kilomita 100 mpaka hapa. Wanaokumbuka barabara hii ilipokuwa vumbi wanajua tulivyofika Emali nyusi zimekuwa nyeupe. Leo ni lami mwanzo mpaka mwisho. Kwanza unapata tambarare ya migunga, na Chyulu inakusindikiza upande wa kushoto karibu safari nzima. Ukianza mapema kabla mawingu hayajajikusanya, Oldoinyo Oibor, yaani Kilimanjaro, iko mbele yako yote, Kibo na Mawenzi, na kila ukikanyaga inaongezeka ukubwa. Kisha Isineti, kisha Kimana, na hapo nchi inabadilika ghafla. Maji yaliyoshuka mlimani chini kwa chini yanatokea kwenye chemchemi, mifereji imekatwa, nyanya na vitunguu vimejaa mpaka ukingoni mwa barabara. Maji yetu haya ndiyo yanayokwenda mbali: bomba la Nolturesh linayapeleka mpaka Machakos na Athi River. Maji yanajua njia ya kutoka Loitokitok kwenda kwa watu wa huko. Watu wa huko bado hawajajua njia ya kuja kwa baiskeli.

Baada ya Kimana ndipo utajua kama mapafu yako ni mazima. Ni kilomita 20 na kitu, na unapanda karibu mita 500. Si ukuta. Ni mwinuko wa subira: unashuka korongo dogo, unapanda zaidi ya ulivyoshuka, unapata pumzi kidogo, unapanda tena. Joto linabaki nyuma, mahindi na maharagwe yanaanza, miti inaongezeka, upepo wenye baridi unakupiga kifuani. Ukiingia mjini uko juu ya mita 1,700 na shati lililolowa jasho linaanza kukutetemesha. Muulize Mfaransa yeyote mwenye baiskeli kama anaitaka barabara ya namna hiyo. Atauza saa yake aje.

Lakini hiyo ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Raha yenyewe inaanzia Illasit.

Kutoka hapa unateremka mpaka Illasit, unavuka mpaka, uko Tarakea, Tanzania. Hapo kuna lami inayotembea kwenye bega la mlima kuelekea kusini: Usseri, Mashati, Mkuu, Mwika, mpaka Marangu Mtoni. Mimi nasema mbele ya watu wote, na anayebisha abishe: katika Afrika Mashariki hii sijui barabara iliyo bora zaidi kwa mtu wa baiskeli. Mlima umechanwa na makorongo yanayoshuka kutoka juu, na barabara inayakata yote. Kwa hiyo hupati tambarare. Unateremka kwenye korongo penye daraja na ubaridi wa maji, unabadilisha gia, unapanda upande wa pili, unatokea kwenye mgongo wa kilima, unaona nchi ya Kenya yote iko chini kushoto kwako, rangi ya majani makavu mpaka macho yanapoishia. Kisha unateremka tena. Pembeni ni vihamba vya Wachaga: migomba juu, kahawa chini yake, migrivilia imesimama mipakani, mifereji midogo inapita kati ya nyumba na nyumba. Jua kali la saa saba linakufikia kwa vipande vipande tu. Na ukisikia njaa, Marangu utapewa mtori, ndizi zilizopondwa na nyama ndani ya mchuzi mzito, chakula ambacho aliyekitunga kama hakuwa anamfikiria mtu aliyetoka kukanyaga kilima, basi sijui alikuwa anamfikiria nani.

Marangu unashuka mpaka Himo, unashika kushoto kwenda Holili, unavuka kurudi Kenya kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, uko Taveta. Kutoka Taveta unarudi kaskazini kwa lami ya Njukini. Upande huu ni mwingine kabisa, mkavu, wazi, na mlima sasa uko mkono wako wa kushoto. Karibu na njia hiyo kuna Ziwa Chala, maji yaliyokaa ndani ya shimo la volkano, mpaka wa nchi mbili ukipita katikati yake. Unafika Njukini, unapita Rombo ya kwetu, unarudi Illasit, na mwisho unapanda kuja nyumbani na miguu ambayo haitaki tena kusikia neno kupanda. Duara zima ni zaidi ya kilomita 150, nchi mbili, na lami chini ya tairi. Kwa siku moja ni kazi ya wanaume na wanawake walioiva. Kwa siku mbili, ukilala Marangu, ni safari ya mtu yeyote mwenye afya.

Nani amelichora duara hili kwenye karatasi akalibandika ukutani mwa hoteli hata moja hapa mjini? Hakuna. Nani ameweka kibao Illasit kusema njia ya baiskeli inapita huku? Hakuna. Nasonya mimi!

Halafu wazungu wa zamani waliliona jambo hili mapema. Shule ya milimani ya Outward Bound iliwekwa hapa Loitokitok tangu miaka ya 1950, vijana wakiletwa kutoka pande zote za Afrika Mashariki kuja kujaribiwa nguvu na subira kwenye mlima huu huu. Kwa hiyo hapa palikuwa mahali pa kunyoosha miili ya vijana kabla wengi wetu hatujazaliwa. Tumekwama wapi?

Nitasema tulipokwama, na ndipo ulimi wangu unapochacha. Tumekwama kwenye ukingo wa lami.

Ufaransa kuna sheria: gari likimpita mwendesha baiskeli nje ya mji liache mita 1.5, na ndani ya mji mita 1. Haimaanishi kila dereva anaifuata, lakini iko, na dereva anajua kwamba mtu wa baiskeli ni mwenye barabara mwenzake. Hapa kwetu dereva wa Probox mwenye abiria wanane anawasha taa, anapiga honi, na maana yake ni moja tu: ondoka. Uondoke uende wapi? Bega la barabara mahali pengine ni upana wa mkeka, mahali pengine limelika kabisa, na kati ya lami na udongo kuna ngazi ya kuvunja rimu. Mteremko wa kuingia Kimana nimesukumwa nje ya lami na lori lililojaa vitunguu. Dereva hata breki hakugusa. Nilitua kwenye changarawe, kiwiko kikachubuka, na mtu wa kwanza kunifikia alikuwa mama aliyekuwa akipalilia nyanya, akaniosha kwa maji ya mfereji huku akimlaani dereva kwa Kimaasai mpaka akaishiwa na pumzi. Yeyo yule namshukuru hadi leo.

Na sisemi haya kwa ajili ya watu wa suruali za kubana peke yao. Simameni hapa sokoni siku ya soko mhesabu wanaokuja kwa baiskeli. Bado wapo. Kuna anayeleta kabichi kutoka chini, kuna wa mkaa, kuna wa maziwa, kuna yule wa mitungi minne ya maji ambaye anasukuma tu, maana kilima hiki na lita 80 haviendeki. Black Mamba zao zimeongezwa vyuma na fundi wa kuchomelea, kerea imekuwa pana, stendi ya kusimamishia ni ya chuma cha nondo. Hawa ndio wanaoitumia barabara kila siku ya Mungu, na hawa ndio wanaosukumwa nje yake kila siku ya Mungu. Mtalii akianguka habari itafika Nairobi. Huyu wa kabichi akianguka tunaokota kabichi.

Nendeni mkamtazame fundi wetu wa baiskeli karibu na soko akifanya kazi, mjue tuna watu wa aina gani. Amepindua baiskeli, imekaa kwa kiti na usukani. Anazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole kimoja, kidole gumba cha mkono wa pili amekisogeza karibu na rimu bila kuigusa. Rimu ikiyumba inagusa ukucha. Hapo hapo anasimamisha, anakamata spoku mbili, analegeza moja robo, anakaza ya pili robo, anazungusha tena. Hatazami, anasikiliza. Akimaliza gurudumu linapita mbele ya ule ukucha bila kuugusa hata mara moja. Tyubu ikivuja anaizamisha kwenye karai la maji, anaibana kidogo kidogo mpaka mapovu yatokee, anaweka alama kwa kijiti cha kiberiti, anasugua kwa kipande cha bati alichokitoboa matundu kwa msumari, gundi, anangoja, kiraka. Kiraka chenyewe kimekatwa kwenye tyubu iliyokufa. Mtu huyu akipewa baiskeli ya mbio ya mamilioni ataielewa kabla ya chai kupoa. Kule Ufaransa anayefanya kazi hii ana duka, kibao na mkopo wa benki. Wetu ana mwavuli, na akinyeshewa sana anahamia kwenye baraza ya duka la dawa.

Juzi kijana mmoja wa boda amenijibu hapa hapa kijiweni, mbele ya watu. "Mzee, na heshima zako, baiskeli ni ya mtu hajajipanga." Wenzake wakacheka. Nikamwambia, kaa chini nikuulize, kijana wangu. Wewe unamjua Biniam Girmay? Hamjui. Ni kijana wa Asmara, Eritrea, amezaliwa mwaka 2000, mji wao uko juu zaidi yetu, zaidi ya mita 2,300. Mwaka 2024 aliingia Tour de France na akashinda hatua tatu. Ya kwanza ilimalizikia Turin, Italia, na hapo akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mbio hizo tangu zianzishwe mwaka 1903. Ya pili sikilizeni vizuri: walitoka Semur-en-Auxois, Burgundy, wakapita vilima na misitu ile ile mnayoitolea udenda kwenye simu, wakamalizia kwa kupanda kijijini Colombey-les-Deux-Églises, alikozikwa De Gaulle. Nani alifika wa kwanza? Mwana wa Asmara! Akamaliza mbio zote akiwa na jezi ya kijani, ya mkusanyaji pointi bora kuliko wote. Sasa rudia, hajajipanga nani?

Kijana akanyamaza. Mama wa chai ndiye aliyesema, "Na huyo wa kwetu, yule mzungu wa Kikuyu, hukumtaja." Kweli, mama, nilimsahau. Chris Froome amezaliwa Nairobi mwaka 1985, na aliyemfundisha kupanda vilima ni David Kinjah, Mkenya mwenye nywele za rasta, kwenye kikundi chake cha Safari Simbaz huko Kikuyu. Kijana yule alikuwa akilala kwenye kibanda cha Kinjah, anakula sukuma wiki na ugali pamoja na wenzake, kesho yake wanatoka kupanda. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006 kule Melbourne alikimbia na jezi ya Kenya. Baadaye akachukua leseni ya Uingereza, na mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017 akashinda Tour de France nzima. Mara nne! Miguu hiyo ilikomazwa na vilima vya Kenya, na bendera iliyopandishwa Paris haikuwa yetu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na sitaki kuambiwa nilisahau.

Tena sitaki mtu aseme mbio kubwa haziwezi kuja huku kwetu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa Afrika. Wanaume walipewa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima vya mji ule, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Mabingwa wa Ulaya, watu wenye madaktari na wapishi wao, walikuwa wanashuka kwenye baiskeli mmoja mmoja. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na kwa wanawake akashinda Magdeleine Vallieres wa Kanada. Picha niliyoishika mimi ni ya watu wa Kigali waliojipanga ukutani, kwenye mapaa, kwenye miti, watoto wa shule na sare zao, siku nzima. Rwanda ina milima mingi lakini haina Kilimanjaro. Ilichofanya ni kuamua.

Na ndugu zetu wa Narok wameshaonja. Mbio za Migration Gravel Race zilianza mwaka 2021, siku nne za vumbi na changarawe kupita nchi ya Wamaasai upande wa Mara, na waliozibeba mabegani ni pamoja na Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani. Sule alikufa Agosti 2022 akiwa mbioni huko Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Alikuwa na ndoto moja: kijana wa Afrika Mashariki asilazimike kuhama ili akimbie na walio bora, walio bora waje wamkute kwao. Narok wamefungua mlango. Kajiado ndiyo imelala. Waendesha baiskeli wa Nairobi wanafika Kitengela, wanafika Isinya, wenye nguvu wanageukia barabara ya Pipeline kwenda Kiserian, na wengi wanaishia hapo. Barabara ya Namanga malori yanawameza, kwa hiyo wanageuza wakarudi. Hakuna aliyewaambia kwamba kaunti hii hii, mwisho wake wa kusini, ina lami inayopanda mguuni pa Kilimanjaro.

Mzee mmoja hapa ameuliza swali la maana: baiskeli zikija, zinatuletea nini? Mzee wangu, mwendesha baiskeli ana njaa. Mtu wa gari anapita Kimana dakika moja, vioo vimefungwa. Mtu wa baiskeli anasimama Isineti anywe chai, anasimama Kimana anunue ndizi, anasimama Loitokitok alale, maana hawezi kurudi siku hiyo hiyo. Kule Ufaransa kuna safari kubwa ya Paris–Brest–Paris, ilianza mwaka 1891, siku hizi inafanyika kila baada ya miaka minne, kilomita kama 1,200, na wanapewa saa 90. Maelfu ya watu wanakuja kutoka dunia nzima. Na wanavijiji wa Brittany wanatoa meza nje ya nyumba zao usiku wa manane, kahawa, keki, maji, wengine hawataki hata senti, wanataka tu mgeni awaandikie barua akifika kwao. Ukarimu wa aina hiyo unafundishwa wapi? Hapa Umaasaini mtoto akikuona anakuletea kichwa umguse kwa salamu kabla hata hajakujua jina. Sisi tuna hiyo tayari, tena bure.

Tunachokosa ni vitu vinavyoweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Barabara hii ikirudiwa lami, na lazima itarudiwa, bega liwe la lami, upana wa baiskeli iliyobeba kabichi, kutoka Emali mpaka Illasit. Mita moja na nusu kila upande. Matuta yapakwe rangi yaonekane, maana sasa hivi yanaonekana ukishaangukia meno. Malori ya nyanya na vitunguu yapimwe mwendo kwenye mteremko wa Kimana, na si siku ile tu ambayo mkubwa anapita. Fundi wetu wa baiskeli apewe kibanda chenye paa. Na viongozi wa Kajiado wavuke Tarakea wakaongee na wenzao wa Rombo ya Tanzania, waandike duara hili kwa majina ya vijiji vyote, pande zote mbili. Mlima ni mmoja, haukujua kwamba mtu alikuja akauchorea mstari.

Wasichana nao. Nimemwona mmoja tu hapa mjini anayepanda baiskeli kwenda shule, anatoka kwenye vijiji vya chini na kaka yake amekaa kwenye kerea. Analala mbele kwenye usukani, ametoa kiti kabisa kwa sababu ni kirefu, na kilima kile cha mwisho anakipanda bila kushuka. Nimewauliza walimu wangapi wanajua kwamba mtoto yule ana moyo na mapafu ya ajabu. Wanajua anachelewa.

Kwa anayetaka kuanza, nasema yale ninayoyajua. Nenda Januari au Februari, au kati ya Juni na Septemba, mlima ukiwa umejionyesha asubuhi na mvua ikiwa imekata. Ondoka hapa alfajiri, ufike Tarakea ofisi zikifunguliwa, na uwe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, maana kitambulisho peke yake kitakurudisha. Badilisha shilingi kidogo tu, ya chai na mtori. Tyubu mbili za akiba, pampu, viraka. Miiba ya migunga upande wa Njukini haina huruma. Gia ndogo kuliko unayodhani unahitaji, kwa sababu ya makorongo ya Mkuu na Mwika. Taveta jaza kila chupa uliyo nayo, kivuli kinaishia hapo. Na kama unakuja kwa njia ya Emali, uwe umepita Kimana kabla jua halijaanza kuzama: ndovu wa Amboseli na wa hifadhi ya Kimana, ile iliyofunguliwa na jamii mwaka 1996, wanavuka lami saa hizo, na wao hawawashiwi taa.